Siku Tisa za Barua ya Kigali

Mwanangu,

Najua utacheka ukiona nimeanza hivyo, na ucheke tu. Wewe ndiye uliyeanza. Kwa sababu nilipewa jina la mama yako, umeniita Mama tangu siku niliyozaliwa, na kila ukirudi kutoka bandani unasimama mlangoni na kuuliza, "Mwaitu yuko?" yaani mama kwa Kikamba, kana kwamba unamtafuta mwenye nyumba. Mama naye huniita mama mkwe, hasa vyombo vikiwa vimejaa karaini. Basi leo, mara moja tu, nitakitumia cheo changu. Mtoto wangu anaondoka nyumbani kesho asubuhi kwenda Kigali, kufundisha watu kuchonga mbao kwa miaka miwili, na mimi mzazi wake nina haki ya kumwandikia barua ndefu.

Ninaandika kwa sababu unanijua. Mtu akinitazama machoni maneno hunikimbia. Hata siku ile kanisani walipoomba waliomaliza kidato cha nne wasimame waombewe, mimi nilibaki nimekaa, na Mama akanisukuma kwa kiwiko mpaka karibu nianguke. Sasa ni Jumapili alasiri. Wewe umekwenda bandani Majengo kuwaaga wachongaji wenzako, Mama anapanga begi lako upya kwa mara ya tatu, na mimi niko mezani na kalamu, hakuna anayenitazama.

Sitakuambia kuhusu sweta, wala dawa ya mgongo, wala kwamba usinywe chai kavu asubuhi ukaenda kazini. Hayo Mama ameyasema vya kutosha, na atayasema tena kesho kwenye kituo cha basi mbele ya watu. Mimi nitakuandikia kuhusu barua pepe. Usikunje uso. Najua kwako hayo ni mambo ya "nyinyi mliosoma." Lakini kuna kosa nililolifanya ndani ya hizo barua pepe, na juu ya kosa hilo nikaweka uongo, na vyote viwili vilikaribia kukunyima safari hii. Hujui. Sitaki uondoke kabla hujasikia kutoka kwangu.

Unakumbuka ulivyonikabidhi kazi hiyo. Ulisikia redioni kwamba chuo kimoja cha ufundi Kigali kinatafuta mwalimu wa uchongaji, ukarudi nyumbani ukaniambia, "Mama, wewe umemaliza shule. Mimi nitachonga, wewe utaandika." Nilifurahi sana, ingawa sikuonyesha. Tangu nimalize mtihani nilikuwa nikifagia, nikichota maji na kungoja matokeo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa kazi ya mtu mzima. Nikakufungulia anwani ya barua pepe. Kisha ikabidi nichague tutaisoma kwa programu gani, kwenye simu yangu na kwenye kompyuta ya ofisi ya kikundi chenu cha wachongaji, kwa sababu wewe ulikuwa na simu ya kabambe, ya vibonye tu.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Kwenye simu nilipakua programu nne siku moja, nikazijaribu moja baada ya nyingine kama mtu anayejaribu viatu soko la Gikomba. Nikachagua iliyopendeza macho. Ilikuwa na kiduara cha rangi mbele ya jina la kila aliyekuandikia, na ukitelezesha kidole kwenda kushoto barua inatoweka kwa mlio mdogo mtamu. Sikujiuliza inatoweka kwenda wapi. Nilipenda tu mlio.

Kwenye kompyuta ya ofisi sikuchagua hata kidogo. Nilitumia programu ya zamani niliyoikuta humo. Anko Musau, karani wenu, alinieleza jinsi inavyofanya kazi, lakini unajua anavyoongea, kama mtu anayekimbiza mnada. Akamaliza akaniuliza, "Umeshika, shosho?" Hata yeye hunitania kwa jina hilo la nyanya. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa nimeshika chochote. Niliona haya kumwambia arudie.

Halafu tukatuma ombi lako na picha. Mimi nilitaka kutuma picha tano nzuri. Wewe ukakataa. Ukanifanya nigeuze kila kitu, milango, vigoda, lile kabati la kanisa, nipige na mgongo wake. "Fundi akitazama picha hizi atatafuta nyuma," ulisema. "Mbele kila mtu anajua kupaka rangi." Tukapiga picha za mbele, za nyuma, za chini ya viti, na zote nikazituma na kujitumia tena ili zisipotee. Siku mbili baadaye kompyuta ikaandika kwamba sanduku lako la barua pepe limekaribia kujaa. Nikatafuta njia ya kulipunguzia mzigo. Ndani ya ile programu ya zamani nikaona maneno "Ondoa barua kwenye seva baada ya kuzipakua," na kisanduku kidogo cha kuweka alama. Nikaweka alama. Onyo likaondoka. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama mhandisi.

Mwezi mmoja ukapita. Kila jioni ulikuwa unauliza, "Mama, wamejibu?" nami nasema, "Bado," na ilikuwa kweli.

Kisha Jumanne moja, jua linazama, nilikuwa nje nikitoa nguo kwenye kamba, simu ikalia. Nikaona jina la chuo. Nikaona kichwa cha barua: Kuhusu ombi lako. Nikabonyeza niisome, na hapo hapo bando likaisha. Ukurasa ukabaki mweupe. Sikuwa na pesa ya bando jingine, na sikutaka kukuambia "wamejibu" kabla sijajua wamejibu nini. Nikaamua nitaamka, nimwombe Mama, nisome kwanza, ndipo nikuletee bandani nikikimbia. Nilikuwa nimepanga hata nitakavyosema.

Kesho yake saa nne asubuhi, Mama akiwa amenipa pesa ya bando, nikafungua simu. Barua haikuwepo.

Nilitazama kila mahali nilipojua pa kutazama. Nikafungua hata mahali pa taka. Patupu. Nikakumbuka kwamba jana yake, ukurasa ulipokuwa mweupe, nilikuwa nimetelezesha kidole mara nyingi kwa papara. Basi nikajua ni mimi. Nimeifuta barua ya Baba kabla hata ya kuisoma.

Jioni ile uliporudi ulikuwa na vumbi la mpingo kwenye nyusi. Ukauliza, "Mama, wamejibu?"

Nikasema, "Bado."

Neno lile lile nililokuwa nikilisema mwezi mzima. Hakuna aliyelisikia tofauti isipokuwa mimi. Nilidhani nitalisema siku moja tu, mpaka nipate namna ya kuitafuta barua. Nikalisema siku ya pili, na ya tatu. Nilifikiria kuwaandikia Kigali niwaombe waitume tena, lakini ningeandikaje? "Samahani, binti wa fundi ameifuta"? Niliona wangesema mtu ambaye hawezi hata kutunza barua hawezi kutunza wanafunzi. Nilifikiria kumuuliza Anko Musau, nikaona angejua kwamba siku ile nilipoitikia kwa kichwa nilikuwa namdanganya. Kwa hiyo nikanyamaza. Mtu mwenye haya akinyamaza hakuna anayeshangaa, na hiyo ndiyo hatari yake. Watu walidhani ni kawaida yangu.

Lakini wewe hukubaki kama ulivyokuwa. Siku za kwanza ulisema, "Labda mkuu wao amesafiri." Jumapili ukasema, "Labda wanataka mwenye cheti." Jumatatu ulisafisha patasi zako zote, ukazipaka mafuta, ukazifunga kwa kitambaa, na hukusema kwa nini. Jumanne hukuuliza kabisa. Na Jumatano, tukila, ukamwambia Mama kwamba shemasi amekuambia kuna nafasi ya kulinda geti mtaa wa Donholm, na kwamba hizi kazi za mikono zina wenyewe, na wenyewe si sisi tena.

Baba, sijawahi kusikia kitu kibaya kama hicho. Umeniambia maisha yangu yote kwamba mbao hazikuulizi ulisoma wapi. Na sasa ulikuwa unaamini kwamba watu wa Kigali wamekuona, wamekupima na kukutupa, ilhali mimi peke yangu nilijua kwamba walikuwa wamekuandikia.

Alhamisi asubuhi ulivaa koti la harusi ukaenda Donholm. Ulipopita pale kwenye kibanda cha viazi sikukuona tena, nami nikachukua njia ya Majengo. Sikuwa na ujasiri wowote. Koti lile tu lilinisukuma.

Anko Musau alikuwa mlangoni mwa ofisi akinywa chai.

"Shosho! Niaje? Leo umekuja bila kutumwa?"

Njia nzima nilikuwa nikijifundisha sentensi moja. Nikaitoa yote mara moja. "Anko, kuna barua ya Baba niliifuta, ya Kigali."

"Uliifuta lini?"

"Jumanne."

"Juzi?"

"Ile ya wiki iliyopita."

Akaweka kikombe chini. "Na unaniambia leo? Baba yako amepita hapa jana anauliza nani atanunua tezo zake!"

Sikuwa najua hilo la tezo. Nikaanza kulia pale mlangoni, na yeye, kwa kuwa hajui kazi ya kubembeleza, akaanza kuniuliza maswali kama polisi.

"Ulibonyeza nini hasa?"

"Sijui. Jioni ilikuwepo, asubuhi haikuwepo."

"Asubuhi saa ngapi?"

"Saa nne."

Akaitazama kompyuta. "Na mimi hufungua hii mashine saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Wewe mtoto," akasema, na akaanza kucheka, "si ni hii imekuwa ikizimeza!"

Akakivuta kiti, akafungua ile programu ya zamani, akabonyeza jina lako ambalo mimi sikuwahi kurudi kulibonyeza, kwa sababu nilidhani simu inatosha. Barua zilikuwa humo zimejipanga. Matangazo, risiti, barua nilizojitumia mwenyewe. Na kati yao, Kuhusu ombi lako.

Kumbe kila asubuhi kompyuta ilipowashwa, programu ile ilikwenda kule barua zinakohifadhiwa, ikachukua zote mpya, ikaziweka ndani ya kompyuta, halafu, kwa sababu mimi mwenyewe niliweka ile alama, ikazifuta kule zilikotoka. Simu yangu ikija baadaye kuchungulia ilikuta patupu. Sikuwa nimefuta kitu. Siku tisa barua yako ilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kigoda unachokalia ukichonga.

Nilikaa chini. Viti vilikuwepo, lakini nilikaa sakafuni, kwenye vumbi la mbao. Sijui kama umewahi kubeba ndoo ya maji kutoka mbali, ukaitua, mikono ikawa inapaa yenyewe. Mwili wangu wote ulikuwa hivyo.

"Iko ya pili," Anko Musau akasema. Alikuwa ameacha kucheka. "Ya Jumatatu. Wanasema hawajapata jibu, wanamwekea nafasi mpaka Ijumaa. Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi umekaa chini kwa nini? Simama!"

Simu yako ilikuwa nyumbani inachajiwa, kwa hiyo tukakungoja. Ulifika bandani saa tisa, na mfuko wa karatasi mkononi. "Nimeipata," ulisema. "Naanza Jumatatu. Wamenipa na kofia." Ukaitoa ile kofia ya buluu ili tuione, na Anko Musau akatazama ukutani.

Nikasema, "Baba, Kigali wamejibu."

"Wamekataa?"

"Wanataka uwajibu kabla ya kesho."

Unakumbuka uliyofanya. Ulinivalisha ile kofia mimi. Uliimba wimbo wa kanisani bila kuujua vizuri, na wachongaji wote wakaja mlangoni na patasi mikononi. Kisha ukasimama nyuma ya kiti changu, mikono umeiweka mgongoni kama mkaguzi, ukanitajia maneno ya kujibu nami nikayaandika. Miwani yako ya kusomea ilikuwa imevunjika, hukuitazama skrini. Ulisema, "Nisomee walichoandika." Nikakusomea ile barua ya pili. Na sentensi yake ya kwanza, inayosema kwamba hawajapata jibu la barua yao ya Jumanne ya wiki iliyopita, niliiruka.

Anko Musau aliisikia nikiiruka. Ulipotoka kwenda kumpigia Mama simu kwa simu ya mwenzako, nikamtazama, nikidhani atanigombeza. Akasema, "Hiyo ni yako, shosho. Mimi ni karani tu."

Ndivyo ulivyoamini mpaka leo kwamba walijibu Alhamisi. Furaha ilikuwa kubwa kiasi kwamba sikupata nafasi ndani yake ya kuweka ukweli. Hiyo ni sababu mbaya, lakini ndiyo niliyokuwa nayo. Kesho yake ukaandamana na shemasi kurudisha kofia, Kigali wakatuma barua ya tatu kuthibitisha, kisha yakaja mambo ya pasipoti, na siku zikaenda.

Sasa nikuambie tulivyochagua upya, kwa sababu hii mara ya pili niliifanya kama kazi. Uliponunua simu yako ya skrini nilimwendea Anko Musau Jumamosi mbili, na kila aliposema, "Umeshika?" nilisema, "Hapana, rudia." Alishtuka mara ya kwanza. Mara ya tano alikuwa ameanza kuongea polepole kama mtu wa kawaida.

Tuliacha ile nzuri ya viduara. Tuliacha na nyingine inayojipangia barua zenyewe, hizi muhimu, hizi si muhimu, kwa maana haikujui wewe wala Kigali, itajuaje lililo muhimu? Ile tuliyoichagua haina urembo. Ina herufi kubwa utakazoziona hata ukisahau miwani. Ukitaka kufuta inakuuliza kwanza. Barua ulizozifungua zinabaki ndani ya simu, unaweza kuzisoma bila bando. Na kikubwa kuliko vyote, inaziacha barua kule zinakohifadhiwa. Simu inatazama pale, na kompyuta inatazama pale pale. Utakachokisoma kwenye simu asubuhi utakikuta kwenye kompyuta ya chuo mchana, bila kuweka programu yoyote, ukiingia tu kwa nenosiri lako. Tuliijaribu mbele yako, unakumbuka, mimi nikituma kutoka ofisini na wewe ukipiga kelele kutoka bandani, "Imeingia! Imeingia tena!"

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na hukuwepo. Anko Musau aliniuliza, "Hizi barua za zamani zilizomo kwenye mashine, tuzihamishe ziende kwa simu yake ama tuanze upya? Tukianza upya zitabaki hapa, na hakuna mtu atazihitaji."

Aliuliza akitazama pembeni, akitafuta kifuniko cha kalamu ambacho hakikuwa kimepotea. Nilimwelewa. Kila barua huja na siku yake imeandikwa juu. Zikibaki ofisini, hutajua kamwe. Zikija kwenye simu yako, siku moja huko Kigali, miwani mipya usoni, utafungua barua ya kwanza na kuona Jumanne.

Anko Musau alikipata kifuniko, akakipoteza tena.

"Zote," nilisema.

Kwa hiyo zimo. Zimo tangu jana, na barua hii ninaiandika ili maneno yangu yakufikie kabla ya zile tarehe.

Sina mafundisho mengi, mtoto wangu, kwa sababu mzazi wako ana miaka kumi na minane. Ninayajua mawili tu. La kwanza, ukiwa huko na kitu kwenye simu kikakushinda, muulize mtu, hata akiwa mwanafunzi wako, na asipoeleweka mwambie arudie. Najua wewe si mtu wa haya kama mimi, lakini mbele ya skrini umekuwa mtu wa haya, nimekuona. Unasimama nyuma na kuweka mikono mgongoni. Usisimame nyuma. La pili ni kwamba sanduku likiwa tupu usiamini haraka kwamba hakuna aliyekuandikia. Kwa siku tisa uliamini hakuna anayekutaka, kwa sababu tu mimi nilikuwa nikitazama mahali pamoja.

Na anwani yako nimeshaitoa kwenye simu yangu. Nenosiri ulilichagua mwenyewe, tena ulinifukuza chumbani ukilichagua, na ulifanya vizuri. Nitakuandikia kutoka kwenye anwani yangu kama watu wengine.

Nimelazimika kuweka kalamu chini hapo. Sasa ni saa kumi na mbili kasoro, na ninaendelea ili uwe na barua nzima, ingawa tayari unajua yaliyomo.

Ulirudi kutoka Majengo mapema kuliko nilivyotarajia. Hukuuliza kama Mwaitu yuko. Ulisimama mlangoni na simu mkononi, miwani ya mtu mwingine puani.

"Mama," ulisema, "nilikuwa nawaonyesha wazee hizi barua. Hii ya kwanza imeandikwa Jumanne. Wewe uliniambia Alhamisi."

"Ndiyo, Baba."

"Alhamisi ya wiki iliyofuata."

Karatasi zilikuwa hapa mezani mbele yangu. Ningeweza kukupa usome. Lakini miwani ile ilikuwa ya kuazima na inakuteleza, na wewe ulikuwa unanitazama machoni, na nikaona kwamba nikikupa karatasi nitakuwa nimekaa tena wakati wa kusimama. Nikasimama. Nikakuambia kwa mdomo. Bando, kidole, "bado" zote, sentensi niliyoiruka. Sauti ilikuwa ndogo, najua, kwa sababu ulisogea karibu ili usikie.

Nilipomaliza ulikaa kwenye kiti cha Mama.

"Siku tisa," ulisema. "Na wewe ulikuwa unakula?"

Mama akajibu kutoka chumbani, kwa maana kumbe alikuwa akisikiliza yote. "Hakuwa anakula! Nilimpa dawa ya minyoo bure! Mama mkwe, utanirudishia ile dawa!"

Wewe hukucheka, ingawa mdomo ulitaka. Ulisema, "Ungeniambia siku ya kwanza ningekasirika kidogo. Siku ya tisa ningekasirika sana. Nilikuwa nauza tezo za baba yangu." Nilidhani umemaliza, na nilikuwa tayari kuyapokea hayo tu. Kisha ukavua miwani, ukaifuta kwa shati, ukanipa simu.

"Nisomee hii ya kwanza," ulisema. "Hukuwahi kunisomea."

Ni kweli. Katika mambo yote niliyokunyima, hilo sikuwa nimeliwaza.

Nikaisoma nikiwa nimesimama. Mkuu wa chuo ameiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa ombi lako lilikuwa la Kiswahili. Anakusalimu. Anasema yeye na walimu wenzake walizitandaza picha zako mezani wakazitazama siku nzima. Anasema wana wanafunzi wengi na hawana mtu wa kuwaonyesha kazi ya aina hiyo. Halafu nikasoma, "Kwa hiyo, Mwalimu, tunakuomba uje utufundishie vijana wetu."

Ukainua mkono nikome.

"Wameandika wananiomba?"

"Ndiyo, Baba. Wanakuomba."

Ukageuka kutazama chumbani. Mama alikuwa ameacha kukunja nguo.

"Rudia hapo," ulisema. "Polepole."

Nikarudia.

Mzazi wako,
Syombua